Moyo wa Mnyonge Nao ni Moyo



Kwa miaka mingi mgonjwa ambaye vali ya moyo wake imeharibika alikuwa na njia moja tu: kupasuliwa kifua. Aliyekuwa dhaifu mno kuvumilia kisu alirudishwa nyumbani kungoja siku yake.

Mlango mwingine ulifunguka. Mwaka 1984 daktari Kanji Inoue wa Japani alitangaza namna ya kupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni, na kuitanua kwa puto vali iliyobana. Mwaka 2002, mjini Rouen, Ufaransa, daktari Alain Cribier aliweka vali mpya kwa kupitia mishipa. Aliyetibiwa siku ile alikuwa mtu ambaye wapasuaji walikwisha kumkataa, kwa kuona hali yake ni mbaya mno. Basi itakuwa ajabu iliyoje maarifa hayo yakiishia kwa wenye fedha tu!

Katika nchi zetu aliye hatarini si mzee peke yake. Mara nyingi ni mama kijana. Utotoni aliumwa koo, hakupata penisilini. Homa ya baridi yabisi ikafuata, ikaila vali yake polepole. Maradhi hujidhihirisha anapochukua mimba, moyo unaposhindwa kubeba mzigo wa wawili. Kumpasua kifua ni kuhatarisha uhai wake na wa mtoto. Puto, pale vali inapofaa kutanuliwa, laweza kuwaokoa wote wawili.

Wapo wasemao: fedha ni chache, zitumike kwa kinga tu. Twakubali kwamba kinga itangulie. Dawa ya koo ni rahisi kuliko tiba yoyote ya moyo. Lakini mama huyu ameumia kwa sababu kinga hiyo haikumfikia. Kumnyima tiba leo kwa jina la kinga ni kumdhulumu mara mbili.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alihesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Tanzania inayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu mwaka 2015, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu mwaka 2023. Twawaomba wenye mamlaka wahakikishe kwamba bima hiyo inamfikisha maskini hadi kwenye tiba hii, wala haiishii kwenye kadi mkononi. Nasi katika jumuiya ndogo ndogo, tuwapeleke zahanati watoto wanaoumwa koo, na tuwachangie nauli wagonjwa wanaoitwa hospitali za mbali.

Watu wanne wa Kapernaumu walipoona mlango umezibwa, walitoboa dari wakamteremsha mgonjwa wao. Waganga wamekwisha kuitoboa dari. Kumbeba mgonjwa ni kazi yetu.