Damu yetu ikienda labo, nini kinarudi kwetu?

Mwaka 2024, jarida la wataalamu liitwalo Nature Genetics lilitangaza matokeo ya uchunguzi mkubwa juu ya kansere ya prostati katika Afrika. Wanaume zaidi ya 7,000 walishiriki, wagonjwa pamoja na watu wazima wa afya, kutoka Senegal, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Uganda. Kongo haimo katika orodha hiyo. Jirani yetu wa Uganda yumo, sisi hatumo.

Wengine watasema: katika nchi yenye vita na njaa, jambo hilo lina uzito gani? Sisi tunaona lina uzito, na katika makala hii tunaeleza sababu.

Tuanze na magonjwa yenyewe. Homoni ni ujumbe ambao tezi za mwili hutuma kwa njia ya damu ili kuongoza kukua, uzazi, nguvu na hata akili ya mtoto. Ujumbe huo ukipungua au ukizidi, mtu anaugua. Kisukari ni ugonjwa wa namna hiyo, na goita, ule uvimbe wa shingo, pia. Tena kuna kansere ambazo hukua kwa kulishwa na homoni, hasa kansere ya titi na ya prostati. Mwaka 1941 mganga Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba homoni ya kiume ikizuiwa, kansere ya prostati inarudi nyuma. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Vivyo hivyo, kansere nyingi za titi hutegemea homoni ya kike, na kidonge kiitwacho tamoksifeni huzifungia mlango. Lakini kidonge hicho kinafaa tu kama kipande cha uvimbe kimepimwa na kuonekana kuwa ni cha aina hiyo. Pasipo kipimo, mganga anabahatisha.

Hesabu za dunia zinatisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na kansere ya titi, na 670,000 walikufa kwa ajili yake. Kwa kansere ya prostati, tume ya jarida la Lancet ilitabiri mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya wataongezeka kutoka milioni 1.4 mwaka 2020 hadi milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040, na ongezeko kubwa litakuwa katika nchi maskini. Wanaume wenye asili ya Kiafrika ndio walio katika hatari kubwa zaidi.

Sababu moja iko katika jeni, yaani urithi tunaoupata kwa baba na mama. Lakini hadi mwaka 2018, katika chunguzi kubwa za jeni zilizofanywa duniani, karibu watu 78 katika kila 100 walikuwa wa asili ya Ulaya. Waafrika walikuwa kama 2 tu. Vipimo vya kubashiri nani yuko katika hatari vimetengenezwa hasa kwa damu ya Wazungu, na vikiletwa kwa Mwafrika vinapungukiwa nguvu. Wala Waafrika wenyewe si kitu kimoja: bara letu lina tofauti nyingi za jeni kuliko bara lingine lolote, na uchunguzi wa 2024 ulionyesha kwamba hata hatari ya kansere ya prostati haifanani kati ya sehemu moja ya Afrika na nyingine. Basi majibu ya Dakar hayatoshi kwa mtu wa Kisangani au Kindu.

Lakini mtu asidhani kwamba Kongo ni ngeni katika uchunguzi wa magonjwa ya homoni. Moja ya mafundisho makubwa ya dunia juu ya jambo hili yalitoka kwetu, katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu.

Katika miaka ya 1960, watafiti wa Ubelgiji kama François Delange na André Ermans walikuta kwamba kaskazini mwa Idjwi zaidi ya nusu ya wakaaji walikuwa na goita. Watoto wengine walizaliwa wakiwa wafupi, wazito wa akili, wasiosikia vizuri, kwa sababu tezi ya shingo haikutoa homoni ya kutosha tangu tumboni mwa mama. Kusini-magharibi mwa kisiwa hichohicho goita ilikuwa chache. Na ajabu ni kwamba pande zote mbili zilikosa iodini kwa kiasi kilekile. Kwa nini basi kaskazini ndiko walikoumia?

Jibu lilionekana katika chakula. Muhogo usioandaliwa vizuri hubaki na sumu, na mwili unapoigeuza sumu hiyo, inageuka kitu kinachozuia tezi kuchukua iodini. Mahali ambapo iodini inatosha, mwili unavumilia. Mahali ambapo ni haba, muhogo unamalizia kidogo kilichobaki. Kazi hiyo iliendelea katika Ubangi, na mwaka 1980 ilitolewa kama kitabu kule Ottawa, na kati ya waandishi wake yumo Mkongomani Mbulamoko.

Nini kilirudi kwa wakaaji? Safari ile, kitu kilirudi. Wanawake wenye mimba katika Ubangi walipewa sindano ya mafuta yenye iodini, na watoto wao wakakua vizuri zaidi. Katika miaka ya 1990 chumvi yenye iodini ikaenea nchini. Leo kijana wa Kongo akila chumvi hiyo, anakula matunda ya uchunguzi uliofanywa juu ya miili ya wazee wetu.

Kuna fundisho la pili katika historia hiyo. Kule Karawa, katika Ubangi, ambako kanisa la Kiprotestanti lina hospitali, watafiti waligundua kwamba watu walikosa pia madini ya seleni. Ilionekana jambo jema kuwapa. Lakini wale ambao tezi yao ilikwisha kuharibika walipopewa seleni kwa miezi miwili bila iodini, homoni yao ilishuka zaidi. Kitu kilicho chema mahali pengine kilileta hasara hapa, kwa sababu hali ya mahali ilikuwa tofauti. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba kuachwa nje ya uchunguzi si jambo dogo. Anayetibiwa kwa majibu ya watu wengine anaweza kuumizwa kwa nia njema.

Leo tuko kati ya hatari mbili. Ya kwanza ni kusahauliwa. Mwezi wa Mei 2025, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambazo zimelipia sehemu kubwa ya utafiti wa jeni katika Afrika, zilitangaza kwamba hazitatoa tena pesa mpya zinazopitia vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nchi za nje, mpaka utaratibu mwingine utakapowekwa. Upande wetu wa mashariki, mji wa Goma ulitekwa mwezi wa Januari 2025 na uwanja wake wa ndege ukafungwa, kisha Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Mtafiti gani atapanga kazi ya miaka kumi katika hali hiyo?

Hatari ya pili ni kuchukuliwa bila kurudishiwa. Jeni si kama damu ya kupima malaria, inayotupwa jioni. Inahifadhiwa miaka mingi, inasomwa tena na tena, na inasema habari za watoto na ndugu wa aliyeitoa. Tamko la Helsinki, ambalo Chama cha Waganga cha Dunia kililikubali mwaka 1964 na kulirekebisha tena Oktoba 2024, linataka mtu akubali kwa hiari baada ya kueleweshwa. Karatasi ya Kifaransa iliyotiwa kidole na mama asiyejua kusoma haitoshi.

Hapa makanisa yetu yana nafasi, kwa kuwa hospitali na vituo vingi vya afya nchini viko mikononi mwao, na mtafiti akifika kijijini mara nyingi anapitia kwa mchungaji. Kabla ya kumtangaza ibadani, tumwulize maswali manne. Kamati ya maadili ya nchini imeruhusu? Watu wataelezwa kwa lugha yao, na anayekataa atatibiwa sawasawa na wengine? Vipimo vitakaa wapi, na Wakongomani gani watavisoma? Majibu yatarudi lini, na kwa njia gani? Mtafiti mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo.

Pia tusingoje watafiti. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni kwamba mwanamke mwenye dalili ya kansere ya titi apate jibu kamili ndani ya siku 60. Kwetu miezi mingi hupotea kwa mfumu, kwa maombi ya kufukuza laana, na kwa aibu. Tunaamini maombi, lakini uvimbe katika titi si laana ya ukoo. Hata pale ambapo mama, dada na shangazi wameugua, jina la jambo hilo ni urithi, na urithi huo unaweza kupitia kwa baba vilevile. Familia ya namna hiyo haina haja ya kutafuta mchawi. Iende mapema kwa mganga, imweleze habari zote. Na mwanaume anayeamka usiku mara nyingi kwenda kukojoa, au anayeona damu katika mkojo, aseme bila haya.

Hospitali zetu nazo zianze na daftari. Kila uvimbe uliokatwa uandikwe: umri, kijiji, ukoo, jibu la labo, dawa iliyotolewa, na mgonjwa aliishi muda gani. Kazi hiyo haihitaji mashine ya jeni, na pasipo hiyo hakuna mtafiti atakayeweza kutusaidia hata akija na mashine bora.

Wazee wa Idjwi walinyoosha shingo zao zipimwe, na wajukuu wao wakapata chumvi. Ikiwa wajukuu hao nao wataombwa damu yao kwa ajili ya kansere, wana haki ya kuuliza watoto wao watapata nini, na mchungaji wao awe wa kwanza kuuliza pamoja nao.