Acheni Wasichana Wasimame

Wenzangu, muhula uliopita msichana mmoja wa darasa letu alisema atagombea ukiranja mkuu. Tulimcheka sana, akaambiwa kuwa unaibu ndio utakaomfaa. Mimi nami nilicheka, na hata sasa naona haya, maana ukiranja huo nilikuwa nautamani mwenyewe.

Hapa kwetu Buteba husemwa kuwa mwanamke mwema haombi ukubwa, hungoja kuitwa. Basi kiko chama cha kimataifa cha wanawake wenye shahada, kilichoanzishwa mwaka 1919. Mwanamke atakaye kukiongoza hujitokeza mbele ya wenzake wa nchi nyingi, nao humpima, wakapiga kura. Hapana amwitaye mtovu wa adabu.

Na shahada zenyewe hazikupatikana kwa kungoja. Pale Makerere mwito wa chuo ulikuwa "Tuwe Wanaume" mpaka 1945, walipoingia wasichana sita. Sarah Ntiro alipata shahada Oxford mwaka 1954, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Aliporudi Uganda kufundisha, akapewa mshahara uliopungua ule wa wanaume wenye elimu kama yake, akaona heri afundishe bure. (Wangapi kati yetu wavulana tungethubutu?)

Uchaguzi wetu ni mwezi ujao. Msichana yule akisimama, nami nitasimama, lakini sitaki ashindwe kwa kicheko. Nanyi mliomaliza shule, mkija kututembelea, msituulize tena ni msichana gani aliye naibu.