Mvua haina leseni ya udereva

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaambiwa nawanyooshea wengine kidole.

Aprili, miaka minne iliyopita, mhariri alinituma kwenye ajali ya basi barabara ya Morogoro. Masika yamechachamaa, lami inang'aa kama kioo, basi limelala ubavu mtaroni. Nikahesabu majeruhi, nikamsikiliza afande, nikarudi chumba cha habari kuandika sentensi ambayo kila mwandishi wa Bongo anaiweza hata akiwa usingizini: chanzo cha ajali ni utelezi uliosababishwa na mvua. Habari ikatoka ukurasa wa tatu. Nikasahau.

Juni mwaka jana akanifuata dada mmoja, fundi cherehani, jirani yetu wa zamani. Kumbe alikuwemo kwenye basi lile. Mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani, ulivunjika mara mbili na mpaka leo haujanyooka. Mkononi ana kipande cha gazeti chenye jina langu. Akaniuliza: "Mdogo wangu, wewe umesoma. Hivi mimi nilikuwa na haki ya kulipwa?"

Alikuwa nayo. Wiki ya kwanza wodini walikuja watu wa mwenye basi na shilingi 300,000 ndani ya bahasha na karatasi ya kusaini. Akadhani ni pole. Karatasi ilikuwa inasema amepokea na hana madai tena. Nikampeleka kwa wakili, rafiki yangu wa chuo. Jibu la kwanza: madai ya namna hii yana muda wa miaka mitatu, na yeye amechelewa kwa miezi miwili. Kilichobaki ni kumwomba waziri anayehusika na sheria aongeze muda, jambo ambalo sheria inaliruhusu lakini si la kubahatisha. Bado tunahangaika nalo.

Ndugu zangu, hebu tujiulize. Nani alikuwa ameshika usukani siku ile? Mvua?

Nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje, hasa kule ambako barabara zinageuka barafu kila mwaka. Novemba 1991, Sussex Mashariki, Uingereza, dereva mmoja aliteleza kwenye barafu nyembamba isiyoonekana kwa macho, akagonga ukingo wa daraja, akapooza. Akaishtaki halmashauri ya eneo lile kwa kutomwaga chumvi barabarani kwa wakati. Kesi ikapanda hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa enzi hizo, na mwaka 2000 akashindwa. Majaji walisema sheria inaidai halmashauri itengeneze barabara, haiidai iondoe barafu.

Unadhani waliishia kusema ni kazi ya Mungu? Mwaka 2003 Bunge lao lilibadili sheria. Sasa mwenye barabara anatakiwa kuhakikisha, kwa kadiri inavyowezekana, kwamba theluji na barafu hazihatarishi wapitao. Yule aliyepooza hakunufaika, lakini waliomfuata walipata pa kushika. Na dereva naye hajaachwa. Kanuni zao za barabarani zinamwambia kwamba kwenye barafu nafasi ya kumwachia gari la mbele inaweza kuhitaji kuwa mara kumi ya kawaida, na akizipuuza, jambo hilo linaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Yaani kwao hali ya hewa mbaya inamwongezea dereva wajibu. Kwetu inamfutia.

Msije mkaniambia sisi hatuna sheria. Tunazo! Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu. Huyo mtu wa tatu ni wewe uliyelipa nauli, ni mama anayevuka barabara na ndoo kichwani, ni mwendesha bodaboda aliyegongwa kwa nyuma. Bima ile haikukatwa kwa ajili ya kubandikwa kwenye kioo ili trafiki afurahi. Leo hata kwa simu unaweza kuingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA ukajua kama bima ipo au ni changa la macho.

Mabasi ya masafa marefu nayo yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, na taarifa zinakwenda LATRA. Kwa hiyo swali la basi lilikuwa kwenye kasi gani lina jibu. Tatizo hakuna anayeuliza, na wa kwanza kutouliza ni sisi wenye kalamu.

Kuna mtego mwingine. Dereva anafikishwa mahakamani, anakiri, anapigwa faini, ndugu wa marehemu wanarudi nyumbani wakiamini haki imetendeka. Faini ile imekwenda serikalini! Fidia ni kesi nyingine, ya madai, na lazima uifungue mwenyewe. Ila hukumu ya dereva ni silaha nzito mkononi mwako, usiiache ipotelee masjala. Na waliofiwa wasidhani haki imezikwa na marehemu. Sheria inawaruhusu mke, mume, watoto na wazazi kudai kwa sababu ya tegemeo walilolipoteza.

Kwa hiyo ukipona, au nduguyo akipona, fanyeni haya hata kama mnalia. Chukueni PF3 na mbaki na nakala. Tunzeni tiketi, maana ndiyo ushahidi kwamba ulikuwemo. Pigeni picha namba ya gari, bima kwenye kioo, na tairi, hasa zikiwa kipara. Andikeni simu za abiria wawili watatu. Kila risiti ya dawa, X-ray na teksi iwekwe. Usisaini karatasi yoyote ukiwa kitandani. Bima wapewe taarifa ya kesi mapema, kwa maandishi. Wakizungusha, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na kama shimo barabarani lilichangia, serikali nayo hushtakiwa, ila kwa kuipa kwanza notisi ya siku 90.

Najua mtakachosema: mlalahoi wakili atamtoa wapi? Hoja ni ya kweli, lakini tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu yanasaidia watu wasio na kitu. Wenye mabasi wanajua hivyo. Ndiyo maana bahasha inafika wodini kabla ya wakili.

Wengine mtaniambia namkufuru Mungu. Hapana. Mimi ni mtu wa ibada, na naamini siku zangu zimeandikwa. Lakini Mungu hakumtuma mtu aweke tairi kipara mwezi wa masika, wala hakumwambia dereva alipite lori kwenye kona huku haoni mbele. Wala sisi abiria hakututuma tupige kelele "kanyaga twende" kisha tukipinduka tumsingizie Yeye.

Mimi ile sentensi sitaiandika tena. Afande akiniambia utelezi, nitamuuliza basi lilikuwa na mwendo gani, tairi zilikuwaje, na bima ni ya kampuni gani. Asipojibu, nitaandika kwamba hakujibu. Kama ningeuliza hivyo Aprili ile na kuandika mstari mmoja tu kuhusu miaka mitatu, yule dada, aliyekitunza kipande kile cha gazeti muda wote ule, angeujua.

Naomba kutoa hoja.