Karatasi ya mkataba haimalizi maneno

Ndugu mwandishi, umeeleza vyema hoja za waajiri kuhusu mikataba ya ukandarasi, ila umeruka kifungu ambacho kingewafaa wasomaji wengi zaidi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania, Na. 7 ya 2004, kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mkataba wake uandikwe vyovyote, mpaka ithibitike vinginevyo. Vigezo viko saba na kimoja kikiwepo kinatosha, kwa mfano: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, au anamtegemea yule anayemfanyia kazi kwa riziki yake.

Sasa mtazame mlinzi wa getini. Sare na rungu ni vya kampuni, zamu anapangiwa, na siku akiugua hawezi kumtuma mdogo wake amshikie lindo. Huyo ni mkandarasi wa nani? Lakini anasainishwa hivyo ili asichangiwe NSSF wala asipewe likizo. Huu ni uonevu.

Hata Uingereza, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kuwa madereva wa Uber waliofungua kesi walistahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Ilitazama nani anapanga nauli na masharti, si maandishi ya mkataba pekee.

Wenzangu, tunzeni ratiba za zamu, meseji za msimamizi na kumbukumbu za malipo. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).