Dalili za dhahabu si dhahabu
Kampuni ya utafutaji madini Kanda ya Ziwa ikitangaza kwamba vipimo vya umeme ardhini vimeonyesha “dalili nzuri”, bei ya hisa zake huweza kupanda kabla ya uchorongaji. Mwekezaji mdogo asikimbilie. Kipokezi hakioni dhahabu; hupima volti ndogo zinazobaki ardhini baada ya mkondo kukatwa. Grafiti isiyo na dhahabu hutoa ishara kama ya pairaiti, madini ambayo mara nyingi huandamana na dhahabu. Udongo mkavu kwenye elektrodi, nyaya za umeme au radi huvuruga namba. Fundi makini hulowesha udongo, hurudia vipimo na kuandika tofauti zake. Anayenunua kwa taarifa isiyotaja marudio hayo huenda amenunua radi.