FRANGA ZENYE TUNDU SI DAWA



Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti letu. Tuko na jambo la kusema, na linaanzia kwa kosa letu sisi wenyewe viongozi wa wanafunzi.

Muhula uliopita tulipekua masanduku katika interna. Kwa mtoto mmoja wa darasa la chini, anayetoka upande wa Kabambare, tulikuta franga za chuma nane, nyingine zimefungwa kwa kamba kupitia tundu lililo katikati. Hapohapo tukasema: "Ile njo dawa!" Yeye akajibu: "Hapana, yaya. Ile ni makuta ya babu. Ilizaliwa na tundu yake." Hatukumsikia. Tulimnyang'anya mbele ya wenzake, na wengine kati yetu wakashauri zitupwe chooni. Kwa siku nyingi wenzake walikataa kulala karibu na kitanda chake.

Bahati njema, kabla ya kutupa tulimwonyesha mwalimu wa historia. Alituuliza neno moja tu: "Mumezisoma?" Tukanyamaza. Tunasoma kila kitu kwa sababu ya mtihani wa Serikali, lakini zile hatukuzisoma.

Basi tukakaa chini na kioo cha kukuza. Mbili zilikuwa senti 10 za Afrika ya Mashariki, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Waingereza. Kwa macho zilikuwa sawasawa kama mapacha. Lakini moja ina mwaka 1942 na herufi ndogo I, nyingine 1943 na herufi SA. I ni alama ya kiwanda cha Bombay, katika India. SA ni Pretoria, Afrika ya Kusini. Ziko pia zenye H, za kiwanda cha Heaton katika Birmingham, na KN, za King's Norton. Tundu ni la kiwandani, si kazi ya mganga. Hata senti za kwanza za Kongo, zile za miaka ya 1887 na 1888, ziliundwa na tundu.

Ya tatu ilitufunga kinywa. Imeandikwa heller 20, D.O.A., mwaka 1916, na herufi T. D.O.A. ni koloni la Wadachi la Afrika ya Mashariki. Zamani heller zao zilitoka Berlin na alama A, ao Hamburg na alama J. Vita ilipofunga njia ya bahari, waliziunda wenyewe huku ndani, katika karakana ya reli karibu na Tabora. Ile T ni Tabora. Na nani aliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916? Ni askari wa Kongo, wa Force Publique, chini ya jenerali Tombeur. Nyuma yao walikuwa wapagazi maelfu na maelfu, wenye mizigo kichwani. Jamaa ya mtoto yule wanasema kwamba babu wa babu yake alikuwa mumoja wao, na heller ile njo alirudi nayo Kabambare. Vitabu vinaandika jina la jenerali. Jina la mpagazi haliko. Iko heller yake tu, na sisi tulitaka kuitupa chooni!

Wengine watasema: kupanga franga za kigeni kwa mwaka na kwa alama ni mchezo wa Wazungu wenye mali. Hapana. Kazi ile inaomba daftari, kalamu na macho. Na mwaka peke yake hautoshi. Ile feza kubwa ya Maria Theresa, iliyojulikana sana pwani wakati Tippu Tip alipotawala Kasongo, inaonyesha 1780 siku zote, hata zile zilizoundwa miaka mia baadaye. Lakini mara nyingine mwaka unasema mengi. Franga 2 ya Kongo ya 1943, ile ya pembe sita yenye tembo, iliundwa Philadelphia, Marekani, juu Brussels ilikuwa mikononi mwa Wadachi.

Wengine watasema: lakini watu wanafunga franga shingoni mwa watoto kuwa hirizi. Ni kweli, na hatukubali desturi ile. Lakini kosa ni la mtu, si la chuma. Bwana Yesu mwenyewe aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Hakuikimbia.

Tena tukumbuke sababu ya ujinga wetu. Sisi hatujanunua hata ndizi kwa franga ya chuma. Tangu 1998 franga ya Kongo tunaijua kwa karatasi tu. Tunasema "makuta" kila siku, ndugu zetu wa Tanzania wanasema "hela", neno lililotoka kwa heller ileile, na hatuulizi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, kiongozi asinyang'anye kitu asichokijua. Aulize mwenyewe, kisha amwulize mwalimu.

Pili, tusizisugue kwa mchanga na ndimu ili zing'ae. Mwaka na herufi vinafutika, na mara moja vikifutika havirudi.

Tatu, hatukatazi kuuza. Ada ya masomo ni nzito, tunajua. Lakini kabla ya kuuza, andika mwaka, herufi, na nani aliileta nyumbani. Anayekuambia "zote ni sawasawa" pengine ameisha kuona ile T.

Nne, tunaomba Bwana Prefe atupe daftari moja katika maktaba, tuandike zile zilizo katika nyumba zetu, toka Kasongo mpaka Kabambare. Franga zibaki kwa wenyewe. Habari zake ziwe za wote. Wazee wanaojua wanapungua kila mwaka.

Kwa ndugu yetu mdogo: franga zako nane tumekurudishia usiku, kwa siri, kama wezi. Ilifaa tukurudishie mbele ya wote, sawa vile tulivyozichukua. Tunafanya hivyo leo. Utusamehe.

Ni sisi, viongozi wa wanafunzi, darasa la mwisho.