Jina la Fundi Nyuma ya Fremu

Ikitajwa Sumbawanga mbele ya watu wa pwani, mazungumzo hukimbilia uchawi. Hata jina la mji, ambalo hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", hugeuzwa kichekesho, kana kwamba juu ya uwanda wa Ufipa hapana mikono yenye kazi nyingine. Dharau hiyo ina ndugu yake: desturi ya kuwagawa wafanyao kazi za mikono mafungu mawili, wa juu wakaitwa wasanii, wa chini wakaitwa mafundi. Desturi hiyo imejengwa juu ya uongo, na kitu kidogo chatosha kuuumbua: fremu ya mbao ya kutilia picha ya chapa ya Kijapani.

Picha hizo wengi wanazijua kwa nakala. Wimbi kubwa la Hokusai, lililotolewa yapata mwaka 1831, limeenea duniani kwenye kalenda na vikombe, na wanaolisifu humsifu Hokusai peke yake. Ilhali Hokusai alichora kwenye karatasi tu. Mchoro ulibandikwa juu ya ubao wa mcheri, mchongaji akaukata kwa kisu na patasi, na karatasi ya asili ikaangamia katika kazi hiyo. Kisha mpiga chapa akaupaka ubao rangi, akalaza juu yake karatasi ya nyuzi za mti wa jamii ya mforosadi, akaisugua mgongoni kwa mkono, ubao baada ya ubao. Katika karatasi nyingi za zama zile saini ya mchoraji imo na alama ya mchapishaji aliyetoa mtaji imo. Jina la mchongaji aghalabu halimo. Basi kinachotukuzwa kuwa sanaa ya Japani, sehemu yake kubwa ni kazi ya ubao isiyotajwa mwenyewe.

Na apewe sasa chapa hiyo seremala wa Sumbawanga. Atakayecheka atazame kwanza kazi inayodaiwa. Uwanda wenyewe ni wa majani mengi na miti michache. Mninga hutoka katika misitu ya miombo iliyo chini yake, kama ile ya pande za Katavi. Mti huo una sifa ambayo fremu huihitaji kuliko uzuri: ukishakauka vyema, haunywei wala haufuri sana. Ufipa mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, kisha ukavu hushika. Mbao mbichi hupinda na pembe za fremu zikaachama. Seremala ajuaye hungoja ubao ukauke. Hukata ncha kwa nyuzi 45, na kwa kuwa gundi haishiki barabara kwenye ncha za mbao, huipasua pembe na kupachika humo kipande chembamba cha kuifunga. Upande wa ndani huchimba mfereji wa kukalishia kioo. Kwa karatasi ya sentimita 38 kwa 26, pamoja na ukingo wa karatasi nene wa kuizunguka, ubao wote hautafika mita 2 na nusu. Hayo ni masalio ya mlango, yale ambayo kila jioni hupelekwa jikoni kuwa kuni.

Baada ya mikono ifuate akili. Karatasi isiguse kioo, maana unyevu utaigandisha. Isipakwe gundi mgongoni. Ishikwe juu kwa vipande viwili vya karatasi laini na uji wa wanga, ambao hubanduka kwa maji. Isiegemezwe ubao mtupu, kwa kuwa asidi ya mbao huigeuza karatasi kuwa ya manjano. Isitundikwe penye jua, kwani rangi za mimea hupauka. Tena fremu iwe nyembamba na vanishi isiwe ya kumeremeta: fremu ikipiga kelele, picha hunyamaza. Nani atakayethubutu kusema kwamba hukumu zote hizi ni za kibarua?

Wapo watakaosema kwamba fremu ni ada ya Ulaya, na Wajapani wakizihifadhi chapa zao vitabuni na makashani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Walikuwa pia na chapa nyembamba ndefu, hashira-e, zilizokusudiwa kutundikwa kwenye nguzo za nyumba. Karatasi na mbao zilikwisha kuoana huko huko. Wengine watasema fremu ya plastiki iliyopakwa dhahabu ni rahisi. Hoja ya bei haipuuzwi. Lakini plastiki ikivunjika hutupwa, na fedha iliyoinunua haimfundishi kijana yeyote wa Ufipa kushika randa.

Na Ufipa inajua bei ya dharau. Wafipa waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, ilungu, kisha wakakisafisha katika tanuru ndogo, kintengwe. Walisokota pamba na kufuma nguo zao. Chuma na nguo za meli zilipoenea kwa bei nafuu, ujuzi ule ulififia, na tanuru zikabaki magofu ya kutazamwa na wachimbuaji wa mambo ya kale. Ujuzi wa mikono haufi kwa kukosa wajuzi tu. Hufa wenye fedha wanapouona si kitu.

Mtu wa visiwani asijione ameepuka lawama. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na milango yake huonyeshwa wageni kwa fahari. Mtembezaji hutaja tajiri aliyeijenga nyumba. Aliyeuchonga mlango hatajwi, kwa kuwa hakuna aliyejali kumwandika. Kosa la Japani, la Unguja na la Sumbawanga ni moja.

Dawa yake haihitaji wizara. Mwenye picha ampelekee seremala, amlipe ujira wa kazi ya akili na mikono, kisha amwombe aandike nyuma ya fremu jina lake, mji wake na mwaka. Mbele atasomwa Hokusai. Siku fremu itakapogeuzwa, asomwe na mwenziwe.